Digrii Kumi Sebuleni

"Haikuharibika," alisema Lina. "Ilishushwa."

Mpelelezi Ziada Rusimbi aliweka kikombe cha kahawa mezani bila kukinywa. Tangu Jumatatu asubuhi, kila aliyeulizwa kuhusu kifo cha Dorothée Nabintu alizungumzia mashine mbovu. Binti wa marehemu alisema hivyo, na majirani wakasema hivyo. Ziada mwenyewe aliandika hivyo katika ripoti yake ya kwanza: mjane wa miaka sabini na nane, mzaliwa wa Bukavu, amekutwa amekufa juu ya kiti sebuleni kwake katika kitongoji cha Jakobsberg, amejifunika mablanketi matatu. Nje ilikuwa digrii kumi na nane chini ya sifuri. Ndani, kumi. Jana daktari alithibitisha kwamba baridi ndiyo iliyomuua, kati ya Jumamosi usiku na Jumapili alfajiri.

"Ilishushwa na nani?"

Lina Ekdahl, mtaalamu wa vifaa vya kompyuta wa kituo, aligeuza skrini ili wote wawili waone. Kampuni iliyouza mfumo ule ilikuwa imetuma kumbukumbu zake asubuhi hiyo hiyo ya Jumatano.

"Nianze mwanzo," alisema. "Nyumba inapata joto kutoka kwenye pampu iliyofungwa nje, ukutani. Pampu inatii kisanduku cheupe kilichochomekwa sebuleni. Kisanduku kinatii simu. Watu watatu wana ruhusa ya kukipa amri: mama mwenyewe, binti yake Josiane, na fundi. Sasa tazama. Alhamisi, saa kumi na dakika arobaini na moja jioni. Digrii ishirini na moja zinashushwa hadi kumi. Mtumiaji: Fundi."

Ziada alisoma ule mstari mara mbili.

"Halafu?"

"Saa tatu na nusu usiku huo kisanduku kinapotea mtandaoni. Hakionekani tena."

Fundi alikuwa Petero Ssekitto, Mganda, mkazi wa Vällingby. Jumatatu, wakati mwili wa mama yake ungali ndani ya nyumba, Josiane alimtaja kabla hajaulizwa. "Ni yeye Petero ameua maman," alisema, na Ziada akadhani ni uchungu tu. Lakini orodha ya simu za marehemu nayo ilikuwa na jina hilo. Jumamosi, siku yake ya mwisho, Dorothée alimpigia Petero mara tatu. Hakupokea hata mara moja.

Ziada alichukua koti lake.

*

Petero alikuwa na karakana ndogo nyuma ya maduka ya Vällingby, chumba kimoja kilichojaa mabomba ya shaba na feni za pampu zilizofunguliwa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye mvi pembeni mwa kichwa. Kiswahili chake alikipata Nairobi, alikoishi uhamishoni miaka tisa.

"Karibu, afande," alisema. "Nimekungoja tangu juzi. Watu wamesimama kunisalimia hapa."

"Wamesimama?"

"Wameacha. Nikiingia kwa duka, Wakongo wananyamaza."

Ziada aliweka kinasa sauti juu ya meza ya kazi, akataja tarehe na saa.

"Alhamisi saa kumi na dakika arobaini na moja ulikuwa wapi?"

 Petero alitoa faili, akafungua karatasi ya kazi. Alhamisi kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi na mbili jioni alikuwa akibadilisha pampu katika shule ya chekechea, mtaa wa pili kutoka pale. Mwalimu mkuu alikuwa ametia sahihi. Ziada alipiga namba iliyoandikwa chini. Mwalimu alikumbuka vizuri, kwa sababu watoto walikuwa wamepanga mstari dirishani kumtazama fundi juu ya ngazi mpaka wazazi walipowafuata.

"Amri ilitoka kwenye akaunti yako," alisema Ziada, akikata simu.

"Amri gani?"

Alimwambia. Petero alikaa chini juu ya sanduku la vifaa.

"Kumi," alisema. "Na huyo mama yuko ndani."

"Ulimfungia wewe huo mfumo?"

"Mwezi wa kumi. Binti ndiye aliyeutaka. Alisema mama anasahau kupunguza, anasahau kuongeza, yeye anataka kuangalia joto akiwa kazini. Mimi nikaweka kizuizi. Wale wawili hawawezi kushusha chini ya digrii kumi na saba, hata wakibonyeza siku nzima. Ni kwa usalama, mzee akibonyeza vibaya. Kizuizi kinaondolewa na akaunti ya fundi peke yake."

"Nani anajua namba yako ya siri?"

Petero alifunga faili.

"Nilimpa Josiane. Desemba. Maji yalikuwa yanavuja kwa pampu na mimi nilikuwa nimesafiri, nikamwongoza kwa simu. Nilipaswa kuibadilisha niliporudi." Alipangusa mdomo kwa kiganja. "Sikuibadilisha."

"Mama alikupigia mara tatu Jumamosi. Kwa nini hukupokea?"

"Josiane aliniomba. Wiki iliyopita, Jumatano. Alisema, mama anakusumbua bure, ana maneno mengi siku hizi, akikupigia muache, nitashughulika mimi. Nikasema sawa. Ni mama yake."

"Aliacha ujumbe?"

"Upo. Sijausikiliza. Niliposikia amekufa niliogopa kuusikiliza."

"Tuusikilize sasa."

Petero aliweka simu katikati ya meza. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa saa tano asubuhi. Sauti ya mwanamke mzee, ya upole, isiyo na haraka.

"Petero mwanangu, ni mama Dorothée. Ile mashine yako inalala. Nilikuwa nakaa na kale ka moto kangu ka zamani, ka umeme, lakini kamekufa leo asubuhi. Ukipata nafasi upite unitazamie. Lakini Josiane usimwambie. Akisikia atasema sijui tena kukaa peke yangu."

Wa pili, wa saa sita na robo, ulisema karibu maneno yale yale, lakini polepole zaidi, na katikati alinyamaza kama mtu aliyesahau alichokuwa anasema. Wa tatu ulikuwa wa saa saba na nusu. Kwanza ilisikika pumzi tu. Kisha:

"Fidèle. Funga mlango, Fidèle. Baridi inaingia."

Simu ikakatika.

"Fidèle ni nani?" aliuliza Ziada.

"Mume wake." Petero alikuwa ameinamisha kichwa. "Alikufa miaka sita iliyopita."

Nje gari la theluji lilipita likikwangua barabara. Ziada alisimamisha kinasa sauti, kisha akakiwasha tena.

"Kisanduku kilipotea mtandaoni Alhamisi usiku. Kinaweza kupotea kwa sababu gani?"

"Kimekatika mtandao, au kimechomolewa." Petero aliinua uso. "Mmekikuta kimechomekwa?"

Ziada alijaribu kukumbuka picha za sebule. Kiti. Meza ndogo. Taa. Kipasha joto kidogo cha umeme sakafuni, waya wake ndani umeungua. Hakukumbuka taa yoyote ya kisanduku.

"Sijui."

"Basi angalia. Na kama kimechomolewa, kirudishie umeme mkiwa mnatazama. Amri iliyotumwa kikiwa hakipo haipotei. Inangoja kule kwa seva, kompyuta ya kampuni. Kikiamka tu, inashuka."

*

Saa saba mchana Ziada na Lina walisimama sebuleni kwa Dorothée, Jakobsberg, wamevaa makoti na glavu. Pumzi zao zilionekana. Hakuna aliyegusa kitu pale tangu Jumatatu, na kipimajoto cha ukutani kilionyesha digrii kumi kamili.

Lina alipiga magoti nyuma ya kiti. Karibu na kiti kulikuwa na soketi moja yenye matundu mawili. Tundu moja lilishika taa ya kusomea. Lingine lilishika kipasha joto kilichoungua. Kisanduku cheupe kilikuwa sakafuni, waya wake umekunjwa vizuri na kufungwa kwa utepe wa nywele.

"Alikichomoa yeye," alisema Lina. "Alihitaji tundu."

Ziada alitazama ule utepe. Alhamisi saa tatu na nusu usiku mwanamke huyu alikuwa amehisi nyumba inapoa, akatoa kipasha joto chake cha zamani kabatini, akatafuta mahali pa kukichomeka karibu na miguu yake. Alichomoa kitu ambacho hakujua kina kazi gani. Akaukunja waya wake ili asijikwae.

"Piga picha kwanza," alisema. "Halafu uchomeke."

Lina alipiga picha sita, akachomeka. Taa ya kijani iliwaka, ikazimika, ikaanza kupepesa. Walisubiri. Dakika ya kwanza hakukutokea kitu. Dakika ya pili, nje ya ukuta, feni ya pampu ilikohoa na kuanza kuzunguka, na mabomba yote ya nyumba yakaanza kugonga moja baada ya jingine. Lina alirudi nyuma hatua mbili. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amegusa simu.

Kwenye kipimajoto cha ukutani, namba ndogo inayoonyesha joto lililoagizwa ilikuwa imebadilika. Ishirini na moja.

"Nani ameagiza hiyo?" aliuliza Ziada.

Lina alikuwa tayari amefungua kompyuta yake juu ya meza ya chakula.

"Amri iliyokuwa inangoja," alisema. "Kumbukumbu za asubuhi zina amri zilizofika tu. Hii imetumwa Ijumaa, saa tano na dakika tano asubuhi. Mtumiaji: Josiane."

"Soma tena."

"Ijumaa. Saa tano na dakika tano. Josiane. Kutoka kumi hadi ishirini na moja."

Ziada alivua glavu moja, akatoa daftari, akarudi kwenye maelezo ya Jumatatu. Josiane alisema mara ya mwisho kufika pale ilikuwa Jumanne. Alisema hakugusa mfumo ule tangu mwaka mpya. Alisema alipofungua mlango Jumatatu ndipo alipojua kwamba nyumba ina baridi.

"Ijumaa asubuhi," alisema Ziada, "mtu pekee ulimwenguni aliyejua kwamba nyumba hii iko kwenye digrii kumi, ukimwacha mama mwenyewe, ni aliyeishusha. Huwezi kurudisha joto ambalo hujui limeondolewa."

"Na ile ya Alhamisi, ya Fundi," alisema Lina, akishusha mistari kwenye skrini. "Ilitoka kwenye simu iliyounganishwa na mtandao wa humu humu ndani. Aliyeituma alikuwa amesimama ndani ya nyumba."

Ziada aliingia jikoni. Kila kitu kilikuwa safi, sahani zimepangwa. Kwenye droo ya kwanza alikuta mfuko wa karatasi wa duka la dawa, vidonge vya shinikizo la damu, vipya. Lebo ilikuwa na jina la marehemu, na chini yake jina la aliyechukua: Josiane. Tarehe ilikuwa ya Alhamisi.

Kwenye mlango wa friji kulikuwa na kadi ya miadi, imeshikwa na sumaku. Ijumaa, saa nne asubuhi. Tathmini ya mahitaji ya mzee nyumbani. Jina la afisa na namba ya simu.

Afisa alipokea katika mlio wa pili. Ziada alimweleza yeye ni nani na kwamba mama yule amekufa; afisa hakuwa amejua.

"Nilikuwa naye dakika hamsini," alisema. "Ombi lilitoka kwa binti. Binti alitaka mama ahamie kwenye nyumba ya wazee, mama hakutaka. Kazi yangu ni kuona kama anajimudu. Alinipokea sebuleni, amevaa kitenge kizuri, kipasha joto miguuni. Alinipa chai. Alijibu kila kitu. Niliandika kwamba anajimudu."

"Ulimwarifu binti?"

"Nilimpigia nilipotoka. Kama saa tano hivi."

Ziada alishukuru, akakata. Sebuleni mabomba yalikuwa yameacha kugonga na hewa ya joto ilianza kupanda kutoka chini ya dirisha. Lina alikuwa amesimama katikati ya chumba, koti lake limefungwa mpaka kidevuni.

"Izime," alisema Ziada. "Siwezi kusimama humu ikiwaka."

*

Josiane aliishi Hallonbergen, ghorofa ya saba. Alikuwa na miaka arobaini na sita, msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee, mwanamke mnene kidogo mwenye sura ya mtu asiyelala. Sebule yake ilikuwa na viti vya kuazima vilivyopangwa kwa ajili ya msiba, lakini saa hiyo ya mchana hapakuwa na mtu. Konstebo aliyemfuata Ziada alibaki karibu na mlango.

"Mmemkamata?" aliuliza Josiane.

"Nani?"

"Petero."

"Keti, dada Josiane."

Alikaa. Ziada aliweka kinasa sauti juu ya meza, kati ya thermosi na bakuli la karanga.

"Ulisema mara ya mwisho kwenda kwa mama ni Jumanne."

"Ndiyo. Mardi."

Ziada aliweka picha ya mfuko wa dawa mezani. Josiane aliitazama, akahamisha macho dirishani.

"Labda ni jeudi, Alhamisi. Nimechanganya siku. Ukifanya kazi ya zamu, siku zinachanganyika."

"Ulikuwa pale Alhamisi saa kumi na dakika arobaini na moja?"

"Sikuangalia saa."

"Ijumaa saa tano na dakika tano ulituma amri ya kurudisha joto hadi ishirini na moja. Leo tumewasha kisanduku, na amri yako imefika mbele ya macho yetu."

Josiane aligeuka kutoka dirishani.

"Imefika leo?" alisema.

"Leo. Saa saba na dakika ishirini."

"Hapana. Ilifika Ijumaa. Simu iliandika imetumwa."

"Ilitumwa. Haikufika. Mama yako alikuwa amechomoa kisanduku Alhamisi usiku ili apate mahali pa kuchomeka kipasha joto chake."

Josiane alishika ukingo wa meza. Rangi ilimtoka usoni, ikaacha kama majivu chini ya macho. Konstebo mlangoni alisogea hatua moja, akidhani ataanguka, lakini hakuanguka.

"Alichomoa," alisema.

"Dada Josiane, nisikilize vizuri kabla hujasema lingine. Kuanzia sasa sikuhoji kama shahidi. Unashukiwa kusababisha kifo cha mama yako. Una haki ya wakili, na una haki ya kunyamaza mpaka wakili afike."

"Sitaki wakili."

"Nitakuuliza tena baadaye. Sasa hivi unaweza kunyamaza."

"Ni mi nilishusha," alisema Josiane. "Andika. Petero hajafanya kitu. Nilipeleka dawa, maman alikuwa analala kidogo, nikaingia kwa namba ya Petero, nikaweka kumi. Juu mimi, kwa akaunti yangu, inakataa, inakomea kumi na saba. Kumi na saba haitoshi. Maman angeweka sweta tu."

"Haitoshi kwa nini?"

"Kwa yule afisa. Alikuwa anakuja Ijumaa saa nne. Nilitaka akute nyumba baridi. Akute maman anatetemeka, hajui hata kuwasha. Aandike kwamba hawezi kukaa peke yake. Usiku mmoja tu. Halafu narudisha." Alikuwa akisema kwa sauti isiyopanda wala kushuka. "Miaka sita, dada. Tangu baba afe. Nalala mara tatu kwa juma kule, natoka kule naenda kazini, naosha wazee wa wengine, narudi kumwosha yeye. Anaanguka bafuni, ananiambia nisimwambie mtu. Nafasi ilikuwepo, chumba kizuri, karibu na hapa. Anasema hapana. Anasema atakufa kwake."

"Na afisa alipokupigia?"

"Aliniambia maman yako ni mzima, nyumba ina joto, amenipa chai. Sikuelewa. Niliona nimefanya ujinga, nikarudisha joto pale pale, nikiwa kazini, chooni." "Kumbe alikuwa na ile mashine ya zamani. Nilimwambia aitupe."

Ziada aliandika. Mstari baada ya mstari, mambo yalikaa mahali pake. Mtu aliyetaka mama yake apigwe na baridi usiku mmoja. Mama aliyejiokoa kwa kipasha joto, na kwa kujiokoa akakata njia ya msaada. Kipasha joto kilichoungua Jumamosi asubuhi. Fundi aliyeombwa asipokee. Tayari alikuwa akifikiria jinsi atakavyomweleza mwendesha mashtaka, na neno litakalotumika, ambalo lingekuwa uzembe, mzito lakini uzembe.

Kulikuwa na swali moja la utaratibu lililobaki, na aliliuliza huku akigeuza ukurasa.

"Jumamosi saa tisa na dakika ishirini alasiri ulimpigia mama. Mkaongea dakika nne. Alisema nini?"

Josiane alisogeza bakuli la karanga kando.

"Unaweza kunyamaza," Ziada alimkumbusha.

"Alisema yuko sawa. Nilimwuliza kama amekula, akasema yuko sawa. Nikamwuliza kama nyumba ina joto, akasema ina joto sana."

"Basi?"

"Hapana." Josiane alivuta kiti karibu na meza, karibu na kile kinasa sauti. "Ulimi wake ulikuwa mzito. Alikuwa anavuta maneno. Aliniuliza kama baba amefunga mlango."

Kalamu ya Ziada ilisimama.

"Kazini kwangu," alisema Josiane, "ni mi nafundisha wapya. Kila mwaka, kabla ya theluji. Nawaambia mzee akianza kuvuta maneno, akianza kuchanganya watu, akikwambia hasikii baridi, usimpe chai, usimfunike tu blanketi uende. Ita gari ya wagonjwa. Una saa chache. Nimesema hivyo miaka kumi na moja. Nimewaonyesha na picha."

"Ulidhani joto limerudi."

"Nilipokata simu nilifungua ile programu." Alikuwa akimtazama Ziada moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Iliandika kifaa hakipatikani. Tangu Alhamisi. Digrii ya mwisho ilikuwa kumi na nne, na inashuka."

Hilo halikuwa kwenye kumbukumbu yoyote ambayo Ziada alikuwa nayo. Lina hakulitaja, kampuni haikulituma. Huenda lisingejulikana kamwe. Konstebo mlangoni alikuwa ameinamisha kichwa. Kutoka ghorofa ya juu zilisikika hatua za mtu akitembea na viatu.

"Kutoka hapa hadi Jakobsberg si mbali," alisema Ziada.

"Si mbali."

"Na simu ilikuwa mkononi."

"Ilikuwa mkononi." Josiane aliitazama mikono yake, akaikunja. "Ilikuwa siku yangu ya kwanza ya kupumzika tangu Krismasi. Nilikuwa nimekaa chumbani, kwenye kitanda, na viatu bado miguuni. Nikawaza nikienda sasa, nitafuta, nitaosha, nitalala kwenye kiti, kesho kazi. Nikawaza labda nimesikia vibaya. Nilijua sikusikia vibaya. Nikaweka simu chini ya mto."

Ziada alihakikisha taa nyekundu ya kinasa sauti bado inawaka. Kisha aliuliza, kwa sababu lazima saa iandikwe.

"Ulilala saa ngapi?"

"Saa kumi jioni."

"Ukaamka?"

"Asubuhi, kwa kengele ya kazi." Josiane alivuta pumzi. "Nililala moja kwa moja, dada. Sijalala vile tangu baba afe."